NILIVYOMWEKA MAMA WA WATU PEMBENI YA TAKATAKA

Basi wadau, kabla sijaanza tukubaliane jina kwanza. Wenzetu wa nje kitu hiki wanakiita zine. Sasa jaribu kuliandika neno hilo kwa Kiswahili uone. Mi nilimwambia maza jikoni, "natengeneza zini," akaacha mwiko kwenye ugali akanigeukia kama nimemtukana. Kwa hiyo humu tunasema kijarida. Kijarida cha picha, kurasa 16, nimekitengeneza mwenyewe kwa gundi, wembe na fotokopi, hapa hapa Themi, Chuga.

Na hicho kijarida kidogo tu kimenivunjia heshima kwa mama mmoja ninayemheshimu sana. Ndo stori ya leo.

Kilianzaje? Napiga picha kwa simu, tena simu yenyewe kioo kimepasuka kona ya juu. Nilimaliza kidato cha nne nikaishia hapo, hakuna aliyenifundisha kupiga picha wala kupanga kurasa. Napiga mtaani kwetu: gereji za barabara ya Njiro, watoto wanaovuka mto wakienda shule, mafundi cherehani, Meru asubuhi kabla mawingu hayajaufunika. Naposti. Picha inapata laiki zake, siku mbili imezama, hata mimi siikumbuki. Halafu mwaka jana simu ikafa. Picha karibu zote za mwaka mzima zikaenda, zikabaki zile tu nilizokuwa nimewatumia watu. Nikasema hapana, safari hii picha zangu nazitaka kwenye karatasi, zikae.

Jaribio la kwanza lilikuwa la karatasi moja. Unachukua A4, unaikunja mara tatu, unaifungua, unakata mstari mmoja katikati, ukiibinya inakuwa kitabu cha kurasa 8 bila pini wala gundi. Unapiga kopi upande mmoja tu, kwa hiyo kijarida kizima kwa chalii wa steshenari ni shilingi 100. Niliona nimeshatoboa maisha. Shida ni saizi. Kila ukurasa unatoka milimita 74 kwa 105, yaani kitu cha mfuko wa shati. Mlima Meru, zaidi ya mita 4,500, dogo wa jirani akauliza hiki ni kichuguu cha wapi.

Nikahamia A4 inayokunjwa katikati. Karatasi nne, kila moja inatoa kurasa nne, jumla 16, unabana pini mbili mgongoni. Hapa ndo hesabu nilizozikimbia shule zikanifuata mpaka nyumbani. Maana ukurasa wa 1 haukai na wa 2. Kwenye karatasi ya nje, 1 inakaa na 16, na nyuma yake 2 inakaa na 15. Karatasi inayofuata 3 na 14, na kuendelea hivyo mpaka katikati ambapo 8 inakutana na 9. Nilikesha na daftari mpaka nikagundua kwamba kurasa mbili za upande mmoja wa karatasi ukizijumlisha lazima upate 17. Siku zote. Nikaandika 17 kubwa ukutani kwa maka peni. Maza akadhani nimeanza kubeti.

Kwa kuwa sina kompyuta, nilifanya kishamba. Chalii wa steshenari alinitolea picha zote kwenye karatasi, nikazikata, nikazigundisha juu ya A4 kwa mpangilio wa hiyo 17, halafu hizo A4 ndo zikapigwa kopi. Toleo la kwanza la majaribio kila baada ya kurasa mbili picha ziko kichwa chini. Tulikuwa tunageuza karatasi kwa upande mrefu badala ya mfupi. Ukurasa wa 2 mafundi wangu wa gereji walikuwa wananing'inia kama popo.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyenionya: fotokopi inazila sura zetu. Ngozi nyeusi ikiwa kwenye kivuli, mashine inaona wino tu. Ikabidi nichukue sura moja, niitoe mara nne, kila moja nimeongeza mwanga kidogo, nizipige kopi zote kwenye karatasi moja nione. Ya kwanza na ya pili zilikuwa kofia bila mwenyewe. Ya tatu ndo ilikuwa mtu. Ya nne ilikuwa mtu aliyemwagiwa unga. Nikakariri ya tatu, nikarudia picha zote.

Haya, sasa nina picha 40 na nafasi 16. Ipi ikae wapi?

Niliwahi kusoma kuhusu mpiga picha wa Japani, Daido Moriyama. Mwaka 1974 jamaa aliingiza mashine ya fotokopi kwenye ukumbi wa maonyesho Tokyo. Watu wakija hawaangalii picha ukutani. Wanachagua wenyewe zipi wanazitaka katika picha alizopiga New York na zifuatane vipi, zinapigwa kopi, zinabanwa pini, mtu anaondoka na kitabu chake. Nilivyosoma hiyo nikasema kumbe umaskini wangu ni fani ya watu!

Nikamuiga. Nikakata kopi ndogo ndogo za picha zote 40, nikaziweka kwenye bahasha, nikaenda nazo gerejini mchana wakati wa kula. Kila mtu nikampa bahasha na boneti la gari azipange juu yake.

Fundi rangi alizipanga kuanzia yenye giza kuliko zote mpaka yenye mwanga kuliko zote, hakujali ndani kuna nini. Bodaboda mmoja alianza na mlima, akasema mgeni akija Chuga lazima umwonyeshe mlima kwanza ndo umwambie bei. Mama lishe aliweka watu wote mbele na vitu vyote nyuma. "Watu kwanza," akasema, "hivyo vitu vitasubiri." Kuna kijana wa kuosha magari yeye alitengeneza stori kabisa: mtoto anavuka mto, mtoto yuko gerejini, fundi kachoka anakunywa chai, akasema huyu ni yule yule kakua. Mzee mmoja mlinzi akacheka, akasema ndo hivyo hivyo enzi zao. Walikuwa na African Film, gazeti la picha la mpelelezi Lance Spearman, na baadaye Film Tanzania ya Faraji Katalambulla, yule aliyeandika Simu ya Kifo. Stori nzima ya upelelezi inakwenda kwa picha zilizopangwa na maneno yake. Anasema nakala moja ilikuwa inazunguka mtaa mzima mpaka inalegea. Kumbe sikuwa naanzisha kitu, nilikuwa nimechelewa tu.

Wote hao niliwasikiliza. Halafu ukurasa wa 6 na wa 7 nikaupanga mwenyewe, usiku, bila kumuuliza mtu.

Kushoto, mto Themi chini ya daraja. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, lakini chupa je? Kwenye picha yangu zimejaa kwenye mawe na mizizi, na vitako vyake vya duara vinatazama kamera. Kulia nikamweka mama wa ndizi. Huyu mama anashuka na mshare kutoka huko juu upande wa Nkoaranga, anauza karibu na kwetu, nimenunua kwake tangu nikiwa natumwa na sarafu mkononi. Siku niliyompiga alivaa kitenge cha miduara. Miduara ya kitenge na vitako vya chupa, saizi moja kabisa. Jicho linatoka kushoto linadondokea kulia bila kugonga kitu. Picha yake ilikuwa ya ulalo, ukurasa wangu wa wima, kwa hiyo nikakata pembeni kote nikabaki na yeye peke yake, anatazama kando. Saa saba usiku nilijipigia makofi.

Nikatoa nakala 30. Pande 240 za kopi, shilingi 24,000, hela yangu ya wiki mbili za kubeba mzigo. Ndani ya siku tatu nakala 10 zimetoka. Moja nilimpa msanii mmoja, jina nalihifadhi, ila kama uko Chuga na unasikiliza hip hop ya nyumbani umeshamcheza. Jamaa akafungua ukurasa wa 6 na wa 7, akaupiga picha, akaurusha kwenye stori zake za Instagram na maneno mawili: "Chuga halisi." Wadau, simu yangu ilipata moto. Watu nisiowajua wananiulizia kijarida kinapatikana wapi. Na kila mtu anataja ukurasa huo huo.

Siku ya pili yake nikapita pale kwa mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kile kitabu chako unacho hapo?"

Nilikuwa nacho begani. Nikamtolea nikiwa natabasamu, nadhani anataka kunipongeza.

"Binti yangu kaniona kwenye simu," akasema. "Akaniambia, mama umewekwa na takataka. Nikamwambia sio mimi, huyu kijana ananijua."

Akajifuta mikono kwenye kitenge, akafungua ukurasa mmoja mmoja taratibu, hakuruka hata mmoja. Alipofika pale akatulia.

"Haya maji si ya pale darajani?"

"Ndiyo mama."

"Na mimi nilikuwa pale?"

"Hapana mama. Wewe ni picha nyingine kabisa. Uko ukurasa mwingine."

"Ukurasa mwingine," akasema. "Mbona tunatazamana?"

Nilijaribu kueleza. Kweli nilijaribu. Nikamwonyesha vitako vya chupa, nikamwonyesha miduara ya kitenge chake. Akasogeza macho, akatazama huku, akatazama kule. "Kweli vinafanana," akasema. Halafu akasema, "Kumbe ndo maana."

Akaja mteja, akamhudumia, akahesabu chenji. Kijarida akakiingiza chini ya gunia. Kabla sijaondoka akaongeza kitu kimoja: "Na siku ile nilikuwa na wateja. Umewapeleka wapi?"

Angenigombeza ningepona, yaani ningekuwa na cha kujibu.

Sitawadanganya, siku mbili za kwanza nilikuwa najitetea. Washkaji walinisaidia kujitetea. Mmoja akasema sanaa ni sanaa. Mwingine akasema mpelekee elfu tano yataisha. Nilimpigia msanii wangu nimwombe aifute, akaniambia, "Mwanangu, ule ndo ukurasa mkali kuliko yote, na hata hivyo stori imeshapotea yenyewe, ni masaa 24." Vyote viwili ni kweli. Ulikuwa mkali kuliko yote. Na ya kwake ilikuwa imepotea, ya kwangu ndo iko kwenye karatasi, na karatasi niliitaka mwenyewe kwa sababu haipotei.

Hiki ndo kitu ambacho simu haikunifundisha. Kwenye simu kila picha inakuja peke yake, unaisukuma kwa kidole, inaondoka, inakuja nyingine. Kwenye kijarida ukifungua zinakuja mbili, na zinaongea hata kama wewe umenyamaza. Sikuandika neno hata moja chini ya mama yule. Nilimweka tu mahali.

Nikarudi sakafuni na wembe.

Kwanza nikambandua. Gundi ilikuwa imeshika, karatasi ikachanika begani pake, nikakaa nimeishika muda mrefu sijui niifanyeje. Nikajaribu kumwacha peke yake, kushoto kweupe bila kitu. Akaonekana kama tangazo la msiba. Nikaweka mafundi wa gereji kushoto, wakaonekana wanamchungulia. Nikamhamishia jalada la nyuma awe peke yake kwa heshima, halafu nikakumbuka jalada la nyuma ndo linalolala mezani kwenye chai na mafuta ya chapati.

Ikabidi niifungue ile picha yenyewe kwenye simu, nzima, kabla sijaikata.

Wadau, nilikuwa nimesahau kuna nini humo. Kuna wanawake wawili wateja, mmoja mkono umenyooka na noti. Kuna kijana wa toroli kajifuta jasho. Kuna lundo la mshare katikati karibu linafika kiunoni kwa mtu. Na mama hatazami kando kwa huzuni kama nilivyomfanya. Anamtazama yule mwenye noti, mdomo umebanwa, anajiandaa kukataa bei. Ni mtu yuko kazini. Mimi ndo nilimwondolea kazi yake ili akae vizuri na chupa.

Picha hiyo inataka upana. Na kwenye kijarida cha kubana pini kuna sehemu moja tu ambapo kurasa mbili ni karatasi moja kweli, nayo ni katikati, 8 na 9. Kwingine kote nusu inatoka karatasi hii na nusu inatoka karatasi ile, hazikutani sawa hata ufanyeje. Sasa katikati yangu ilikuwa na nani? Meru. Kumtoa Meru katikati ya kijarida cha Arusha, jamani! Niliogopa kuliko nilivyoogopa kumkata mama, na hilo nalo lilinifikirisha.

Nikamtoa. Meru akaenda ukurasa wa 7, mdogo, juu kweupe, anatazamana na zile chupa za ukurasa wa 6. Inakaa, maana mto Themi unaanzia kwenye miteremko ya mlima huo huo. Na mlima hauna binti mwenye simu.

Mama akaingia katikati na wateja wake wote. Mkunjo ulikuwa unampitia karibu na shavu, nikaisogeza picha nzima sentimita mbili kulia mpaka mkunjo ukaangukia kwenye lundo la ndizi. Pini zote mbili zinaingia kwenye mshare.

Bahati niliyoipata ni ya ile hesabu. Kurasa 7, 8, 9 na 10 zote ziko kwenye karatasi moja, ya ndani kabisa. Kwa hiyo sikuhitaji kuchoma kijarida kizima. Unafungua pini kwa ncha ya kisu, unachomoa karatasi ya ndani, unaingiza mpya, unabana tena. Nakala zilizobaki ndani zilikuwa 19. Nikazunguka kuwaomba waliochukua wanirudishie niwabadilishie, wakarudisha 7. Nakala 26, pande 52, shilingi 5,200. Vidole viliota malengelenge, ila vilitoka.

Nne hazikurudi. Moja imepanda basi kwenda Dodoma na mshkaji. Moja mtoto wa fundi kajaladia daftari la Hisabati. Moja ni ya msanii, anasema ya kwake sasa ni ya kipekee, hatoi. Ya nne iko kwa mama.

Nilimpelekea mpya siku ya Jumatatu. Jumatano na Jumamosi ni siku za soko Tengeru, humpati. Akajifuta mikono kama siku ile. Akaanza ukurasa wa kwanza tena, hakuruka. Pale kwenye 6 na 7 akapita. Katikati akasimama, akakileta karibu na uso.

"Huyu si wa kule Njiro? Mpaka leo hajamalizia hela yangu."

Akaita jirani yake wa nyanya aje aone. Wakamtambua kijana wa toroli, wakacheka kuhusu kitu ambacho mimi sikielewi. Nikaona nitumie nafasi, nikamwomba ile nakala ya kwanza nimbadilishie.

"Ile naiweka," akasema. Hakusema kwa nini, na mi sikuuliza.

Akatazama tena katikati, safari hii sio watu. Akagusa lundo kwa kidole, palipo na pini.

"Lakini hizi ndizi mwanangu, zilikuwa za kubaki. Zilishalegea. Mtu ataona atadhani nauza hizi kila siku. Njoo Alhamisi, nashuka na mpya, ndo upige."

Nikamwambia sawa mama. Njiani narudi ndo nikakumbuka kwamba kijarida cha pini hakiongezeki ukurasa mmoja, ukiongeza ni minne kwa mkupuo. Kwa hiyo inakuwa 20, na mimi nina picha moja tu ya Alhamisi, tatu sijui nazitoa wapi. Ukutani nimeshafuta 17. Nimeandika 21, maza kaniangalia tena vile vile.